Neno Tulilolisema Wawili

Mwanangu Mwanaidi,

Wewe na mama yako mmetoka sasa hivi kwenda sokoni Manundu kutafuta sufuria, kana kwamba Kwamsisi hawapiki. Nyumba imetulia. Nimejifungia chumbani na daftari la zamani la mitihani lililobaki kurasa nyeupe. Kesho unahama hapa Masuguru kwenda kukalia kiti cha babu yako, wewe upande wa nyumba yetu na kaka yako Mbwana, mwana wa baba yako mkubwa Hoza, upande wa nyumba ya baba yake. Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha. Mama yako ameyasema hayo mpaka nimekuona unakunja uso. Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka ishirini na minne, na nikilisema kwa mdomo nitalipamba. Unanijua ninavyopamba.

Nianze na Sparta, na usicheke. Wanafunzi wangu waliniita jina hilo hilo, Mwalimu Sparta, wakidhani silisikii. Kila mwaka nilichora ubaoni viti viwili, nikawaeleza kwamba mji ule wa Wagiriki ulitawaliwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja, kutoka nyumba mbili, kila mmoja akimchunga mwenzake asivimbe kichwa. Nilikuwa naifundisha mada hiyo kwa furaha ambayo sikuwa nayo kwenye mada nyingine yoyote.

Babu yako alipoanza kuugua aliniita Kwamsisi. Alikuwa mkubwa wa ukoo, mwenye neno la mwisho juu ya mashamba, bonde, na lambo tunalochota maji, na ndiye aliyechinja mbuzi wa tambiko pale kwenye makaburi ya wazee. Alikuwa na wake wawili. Mama yake Hoza ndiye mkubwa, mama yangu ndiye mdogo. Akaniuliza, "Wewe umesoma. Nikimwachia Hoza, nyumba ya mama yako watanuna mpaka wajukuu. Nikikuachia wewe, Hoza atakuja kunikanyaga kaburini. Huko vitabuni walifanyaje?"

Nikamwambia habari za Sparta. Akasikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Na hawakupigana?"

"Hapana, baba. Walikaa hivyo mamia ya miaka."

"Basi walikuwa na akili kuliko watoto wangu," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Lakini akafanya. Aliwakusanya watu, akaweka vigoda viwili, akatukalisha mimi na Hoza. Akasema kwenye tambiko mmoja atamshika mbuzi na mwingine atachinja, mwaka unaofuata tubadilishane. Na neno lolote la ukoo lisiwe neno mpaka limetoka kwenye midomo miwili. Watu wakapiga vigelegele. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile.

Ushauri ule ndio kosa langu la kwanza, na ni kosa la mwalimu. Kwa sababu habari za Sparta zina sehemu ya pili, nami niliifundisha kila mwaka. Wafalme wale walikwenda vitani pamoja, wakagombana huko huko wakiwa mbele ya adui, mmoja akageuza njia akarudi zake, jeshi lote likasambaratika. Ndipo wakatunga sheria kwamba vitani atakwenda mfalme mmoja tu, mwenzake abaki mjini. Yaani walijua kwamba wawili wanaweza kuamua mambo ya amani, lakini panga likishatoka lazima ijulikane ni nani anayesema. Hilo sikumwambia babu yako. Wala sikulificha, mwanangu. Sikulikumbuka, kwa kuwa sehemu ya kwanza ilikuwa inanipa nusu ya kiti na hiyo ya pili haikunipa kitu.

Na nilijua mengine. Nilijua habari za wale ndugu wawili wa Roma walioachiwa dola na baba yao, wakagawana jumba la kifalme, wakaziba milango ya kati, kila mmoja akaweka walinzi wake, mpaka mmoja akauawa akiwa kifuani kwa mama yake, na mama mwenyewe akajeruhiwa mkono akijaribu kumkinga. Wala sikuhitaji kwenda Roma. Ukisimama uani kwetu hapa unaiona milima ya Usambara. Huko juu watoto wa nyumba ya kifalme ya Wakilindi waligombea kiti, na waliotekwa na kuuzwa ni watu wa kawaida ambao hata hicho kiti hawakuwahi kukiona. Bibi zetu walitutishia na habari hizo tulipokuwa wakorofi. Nilikuwa na mifano ya kutosha.

Sasa nikuambie habari za lambo.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Ulikuwa ukame mbaya, na mimi nilikuwa Kwamsisi kwa likizo ya shule. Unayoijua wewe ni ile hadithi ya ukoo, kwamba mfugaji mmoja, Kaika, alileta ng'ombe kwa nguvu, akamkata baba yako mkubwa mkono, kisha akakimbia asionekane tena. Hadithi hiyo umeisikia tangu unajifunza kusema. Nimekusikia ukiwasimulia wenzako, nami nikaendelea kusoma gazeti.

Kaika hakuleta ng'ombe kwa nguvu. Alikuja jioni moja mwenyewe, mtu wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mpole, akasimama mbali mpaka nilipomkaribisha. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Ng'ombe zetu zinakufa. Tunaomba njia tu ya kufika maji, siku tatu. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye mkubwa wa hapa."

Wewe ndiye mkubwa wa hapa. Hakusema mmoja wa wakubwa. Nikaona utamu wake, Mwanaidi, mpaka leo naweza kuuonja. Hoza alikuwa umbali wa nusu saa kwa baiskeli, na baiskeli ilikuwa imeegemea ukutani. Sikuipanda. Nilitaka nikae kwenye kiti kizima walau kwa siku tatu. Nikamwambia Kaika, "Njoo kesho asubuhi, njia nimekupa."

Jioni ile ile, Hoza naye aliwaita vijana wa ukoo akawaambia wakiona ng'ombe bondeni wawakate miguu. Naye alikuwa na baiskeli. Naye hakuja.

Asubuhi nilisikia filimbi, kisha sauti ya ng'ombe ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada. Nikachukua panga nikakimbia. Bondeni vijana walikuwa wanawakata ng'ombe mishipa ya nyuma ya miguu, nao wanakaa chini kwa matako huku miguu ya mbele bado inataka kusimama. Wafugaji wanapiga kwa rungu, wetu wanapiga kwa panga. Mtu mmoja alikuwa anazunguka zunguka ameshika taya lake lililovunjika. Vumbi jekundu, damu, ndama wanalia. Katikati yupo Hoza, anamkata fahali.

Nikapiga kelele, "Acheni! Nimewaruhusu mimi!"

Vijana wakasita. Wakanitazama mimi, wakamtazama yeye. Ile sekunde waliyositasita ndiyo babu yako aliyoitengeneza kwa ushauri wangu. Watu wenye silaha mikononi hawajui wamsikilize nani.

Hoza akasema, "Kateni." Wakakata.

Nikamfuata. Akanishika ukosi, akaniburuta mpaka ndani ya matete kando ya lambo. Nilidhani ananificha ili aniue. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba aliniingiza kule vijana wasione mkubwa wa ukoo anapigwa makofi. Hata saa ile alikuwa ananitunzia heshima. Akanizaba kofi, nikaanguka kwenye tope. Akasema, "Wewe nani? Wewe ni nusu mtu. Nusu nzima niko nayo mimi."

Nikainuka na panga.

Ukoo unasema mkono. Mimi sikulenga mkono. Nililenga shingo ya ndugu yangu, naye akainua mkono. Panga liliingia chini kidogo ya kiwiko, likapita mfupa kama mtu anayekata mua, na kile kilichokatika kikaanguka juu ya kiatu changu. Hoza hakulia. Alikaa chini taratibu, akakitazama, akanitazama.

Aliyekuja ni Kaika. Alikuwa ametuona tukiingia. Hakuuliza kitu. Alivua shuka lake, akapiga magoti, akalifunga lile gutu kwa nguvu zake zote huku damu inamrukia usoni, akaanza kuita, "Njooni! Leteni gari! Mtu anakufa huku!" Alikuwa anawaita watu wetu. Sauti yake ndiyo iliyowaleta.

Mimi nililitupa panga majini.

Vijana saba wakaingia kwenye matete wakamkuta Kaika ameinama juu ya Hoza, amejaa damu, sime kiunoni. Hoza amezimia. Wakanigeukia mimi. Mmoja akauliza, "Nani?"

Nikatazama chini. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo, kwamba sikumnyooshea Kaika kidole. Ni kweli. Nilitazama tu chini, na kwa vijana wenye hasira macho yangu yalikuwa jibu tosha.

Walianza na rungu. Kaika aliinua mikono akasema, "Mwalimu, waambie." Wakamvunja mkono wa kulia. Akasema tena, "Mwalimu, waambie." Alikuwa ananitazama bila chuki, ananitazama kama mwanafunzi anayengoja mwalimu asahihishe kosa lililopo ubaoni. Wakampiga kwa mgongo wa jembe mdomoni na baada ya hapo hakuweza kutamka neno, lakini macho yake hayakuniacha. Usidhani watu hufa haraka. Alichukua muda ambao ningeweza kusema sentensi mia, na ilihitajika moja. Nilikuwa na nusu ya mamlaka ya Kwamsisi na mdomo mzima, na nilisimama pale kwenye tope nikinyamaza mpaka alipoacha kutikisika.

Naona aibu kuandika haya. Naandika hivyo hivyo.

Hoza tulimpeleka hospitali akapona. Siku ya pili nilikaa kando ya kitanda chake, mwili wa Kaika ukiwa bado umefunikwa matete kule lamboni. Nilijua atasema, na nilikuwa tayari kukimbia. Akaninong'oneza, "Wakijua ni wewe, nyumba ya mama yangu wataichoma nyumba ya mama yako kabla jua halijazama. Watoto watakuwa ndani." Akahema. "Yule kanikata akakimbia. Mlazeni kwa wazee. Pale hakuna atakayechimba."

Nikasema, "Sawa."

Hilo ndilo neno pekee tulilowahi kulisema wawili, kama baba yetu alivyotaka. Katika miaka yote ya kiti kile hatukukubaliana juu ya mpaka, wala mahari, wala siku ya kupanda. Hilo tulikubaliana kwa pumzi moja. Polisi walipokuja tuliwaeleza sawasawa, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yetu hayakupishana hata kidogo.

Kaika amelala pale kwenye makaburi ya wazee wetu, upande wa mashariki, mahali hasa tunapomlaza mbuzi wa tambiko. Mwaka hadi mwaka tumechinja juu yake. Hatukubadilishana tena, maana Hoza hakuweza kumshika mbuzi kwa mkono mmoja. Mimi nilishika, yeye alichinja kwa kushoto, na mbuzi walikufa vibaya. Mwaka huu mlipanga wewe ushike na Mbwana achinje. Ungesimama na miguu yako juu ya kifua cha mtu ambaye hujui yupo.

Hoza alimwambia Mbwana wiki ile aliyofariki. Baada ya arobaini Mbwana akaja hapa, ulikuwa kazini. Alinisalimia vizuri, akakaa, akasema, "Baba mdogo, hili libaki kwangu na kwako. Mwanaidi asijue. Nitalibeba mimi." Nikamwambia unastahili kujua, unakwenda kukaa naye sawa kwa sawa. Akasema, "Ukisema, wale saba wanakwenda jela. Mmoja wao ndiye imamu wetu sasa. Mwingine ndiye anayewapeleka watoto wote shule kwa pikipiki yake. Na nyumba yenu watapona? Niachie mimi, baba mdogo. Mimi simtishi mtu."

Mbwana si mbaya. Anawapenda watu wake, na aliyoyasema kuhusu wale saba ni kweli tupu. Nakuandikia nikijua kwamba nitawaponza. Lakini nilipomsindikiza hadi barabarani nikaelewa anachokwenda kukikalia. Mnapokaa wawili, mmoja anajua na mwingine hajui, kiti ni cha yule anayejua. Siku utakayompinga juu ya shamba au maji, atakuwa na kitu cha kukunyamazisha, na hata asipokitumia kitakuwa kimelala katikati yenu. Nimeishi hivyo na baba yake. Hoza hakunitaja hata siku moja, na hakukuwa na siku hata moja niliyoweza kumwambia hapana.

Ndiyo maana nakuandikia. Sikukatazi kwenda Kwamsisi. Wewe ni mkali kuliko mimi, na una tabia ya kuuliza swali mara ya pili, ambayo mimi sikuwa nayo. Ukikubali kiti, kubalianeni na Mbwana kabla ya ukame, mkiwa mmeshiba na mnacheka, ni nani atakayesema siku watu watakaposhika mapanga, na mwingine anyamaze siku hiyo hata kama ameonewa. Na mtu akija kwako peke yako akakuita mkubwa wa hapa, ukasikia ule utamu, panda pikipiki siku hiyo hiyo uende kwa Mbwana. Utakuwa umechoka, mvua itakuwa inanyesha, utaona ni jambo dogo. Nenda.

Sasa sehemu iliyobaki.

Mama yake Kaika yuko hai. Baada ya mambo yale walihama, yeye anakaa Mkumbara, anauza maziwa barabarani. Mara nyingi nilipokwenda upande ule alinisimamisha. "Mwalimu, hamjasikia habari za mwanangu?" Nami nikajibu, "Bado, mama." Nilinunua na maziwa. Mtu aliyemwona mwanawe akifa alisimama mbele yake akinywa maziwa yake na kusema bado. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Jana niliposema nakwenda kwa fundi wa redio, nilikwenda kwake. Nilimkuta anaosha vibuyu. Nikakataa kigoda, nikakaa chini, nikamwambia yote niliyokuandikia hapa, kuanzia baiskeli. Nilidhani atapiga yowe. Nilidhani wanawe watanivamia, na nilikuwa nimekubali. Aliendelea kuosha kibuyu kile kile.

Nimekubaliana naye kwamba kesho alfajiri tunakwenda Kwamsisi mimi na yeye, nimwonyeshe mahali, kisha niende mwenyewe kituo cha polisi Handeni. Mbwana nimemwarifu kwa simu asubuhi hii. Alikata, na sijui nitawakuta wangapi pale makaburini wala wameshika nini. Usipande basi langu. Kukija basi la pili, panda au usipande, hilo ni lako, na lolote utakaloamua sitakulaumu. Mama yako hajui. Mwambie wewe, taratibu, nami nakuomba radhi kwa kukutwisha.

Nilipomaliza kusema, mama Kaika aliuliza swali moja tu. "Walipokuwa wanampiga, panga lako lilikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa nimelitupa majini.

"Kwa hiyo mikono yako ilikuwa mitupu," akasema.

Nikasema ndiyo, mama.

Baba yako.